Washambuliaji Waliomaliza Mikataba: Simba na Yanga Katika Mizani

Wasikilizaji watukufu wa Kailo, wa Kindu na wa Alunguli, nanyi mlioko njiani na baiskeli zenu zilizoelemewa na mchele na mawese, redio ndogo ikining'inia kwenye usukani, maudhui ya mazungumzo yetu jioni hii si siasa wala bei ya kasiteriti, ijapokuwa yote mawili yana wenyewe wa kuyasema. Ni mpira wa miguu, na katika mpira wa miguu ni jambo moja mahsusi, yaani wale washambuliaji ambao mikataba yao imekwisha, ambao hakuna klabu inayoweza kuwadai, na ambao huchukuliwa na klabu nyingine pasipo ile waliyotoka kulipwa hata senti moja ya uhamisho. Nataka tuziweke mizanini Simba na Yanga za Dar es Salaam, watani wa jadi, tutazame ni ipi kati ya hizo mbili iliyofaidika zaidi na watu wa namna hiyo katika safu yake ya mbele, maana mabishano juu ya jambo hili yamekuwa mengi barazani kwetu, hasa pale waendesha pikipiki wanapongoja abiria, na aghalabu yanakwisha kwa sauti kubwa kuliko hoja.

Naam, wako wazee watakaouliza sisi watu wa Maniema twahusikaje na ugomvi wa Jangwani ya Yanga na Msimbazi ya Simba, ilhali tunayo Maniema Union yetu, ambayo katika msimu wa 2024/25 iliingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika, ikatupwa kundi moja na Mamelodi Sundowns, Raja Casablanca na AS FAR ya Rabat, na hata kama haikusonga mbele, ilitoka Pretoria na sare ya bila kwa bila mbele ya Sundowns, jambo ambalo si kila timu tajiri inaweza kujisifia. Swali lao ni la haki, na jibu lake ni mtu mmoja: Maxi Mpia Nzengeli, aliyeivua jezi ya Maniema Union akavaa ya Yanga mwaka 2023. Tangu siku hiyo mchezo wa Dar es Salaam umekuwa mchezo wetu. Tarehe 5 Novemba mwaka ule ule, katika uwanja wa Benjamin Mkapa, Yanga iliifunga Simba mabao 5 kwa 1, na katika mabao hayo matano mawili yalikuwa ya Maxi. Na tarehe 8 Agosti 2024, katika nusu fainali ya Ngao ya Jamii, bao pekee lililoiondoa Simba likawa lake tena. Nenda kiwanja chochote cha wilaya hii jioni, utamwona mtoto aliyevaa fulana ya kijani iliyofifia, mgongoni ameandika MAXI kwa kalamu ya wino, herufi ya X imemshinda nafasi ikaangukia ubavuni. Naye hajawahi kuiona bahari wala kulisikia jina la mtaa wa Jangwani ila kwa redio.

Basi tuanze na msingi wa jambo lenyewe. Zamani mchezaji aliyemaliza mkataba wake hakuwa amemaliza utumwa wake, kwani klabu ya kwanza iliweza kumzuia asiende kwingine mpaka ilipwe. Aliyeivunja desturi hiyo ni Mbelgiji aitwaye Jean-Marc Bosman, mchezaji wa RFC Liège, ambaye alitaka kuhamia Dunkerque ya Ufaransa akazuiwa, akaenda mahakamani, na tarehe 15 Desemba 1995 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikampa haki yake. Hukumu ile ilikuwa ya Ulaya, lakini haikukaa Ulaya. Ikaenea katika kanuni za FIFA, na leo mchezaji yeyote, awe wa Brussels au wa Kindu, akibakiwa na miezi sita au pungufu katika mkataba wake anaweza kuketi na klabu nyingine na kuandikiana nayo, na mkataba ukiisha huenda zake. Bosman mwenyewe hakufaidika sana na ushindi wake, lakini hiyo ni hekaya ya siku nyingine.

Watu wengi hudhani kwamba mshambuliaji wa namna hii hupatikana kwa bei nafuu. Sivyo. Kama vile mchele uliopewa na mjomba wako shambani, ambao hukuulipia hata faranga moja, lakini ukifika nao Kindu umekwisha kumlipa msukuma baiskeli, umelipa mtumbwi, umelipa vizuizi vyote vya njiani, ndivyo alivyo mchezaji asiye na mkataba: fedha ambayo ingekwenda katika hazina ya klabu aliyotoka huelekea katika mfuko wake mwenyewe kwa jina la fedha ya kusaini, na sehemu yake kwa wakala, na mshahara wake hupanda kwa kuwa anajua kwamba klabu tatu zinamngoja mlangoni. Kwa hiyo swali la kuuliza ni nani alimpata mtu aliyestahiki gharama hiyo, akiwa katika umri gani, na akamweka mahali gani uwanjani. Mabishano ya barazani huliacha swali hilo la mwisho, nalo kwa rai yangu ndilo kubwa kuliko yote.

Nianze na Yanga, kwa kuwa katika jambo hili ndiyo iliyokuwa na mkono mwepesi. Mwaka 2022 ilimchukua Stephane Aziz Ki wa Burkina Faso, mkataba wake na ASEC Mimosas ya Abidjan ulipokwisha. Simba ilikuwa ikimjua vizuri, maana alikuwa ameisumbua katika Kombe la Shirikisho la Afrika akiwa na Waivory Coast hao, na mashabiki wake walikwisha kumhesabu kuwa wao; lakini siku ya kutangazwa akaonekana upande wa pili wa mji. Alikuwa na umri wa miaka 26, yaani mtu ambaye miguu imekwisha kukomaa na haijaanza kuchoka. Msimu wa kwanza alikuwa mzuri wa kiasi. Msimu wa pili, wa 2023/24, alifunga mabao 21 katika ligi, akampita Feisal Salum wa Azam aliyekuwa na 19, akawa mfungaji bora wa Tanzania. Kisha ukaja mwaka 2024, mkataba ukafika ukingoni, na kwa majuma kadhaa Dar es Salaam nzima ikawa haizungumzi jambo jingine ila ataondoka au atabaki; akabaki, na mwaka 2025 akaenda Wydad ya Casablanca kwa uhamisho wa kulipiwa, akacheza Kombe la Dunia la klabu kule Marekani. Mtu aliyekuja pasipo klabu yake kulipwa akaondoka klabu yake mpya ikilipwa. Huo ndio usajili ninaouita kamili, na sidhani kwamba Afrika Mashariki imeona mwingi wa namna hiyo.

Upande wa Simba, wengi hawaoni wa kumsimamisha mbele ya Aziz Ki, lakini mimi namwona Saidi Ntibazonkiza wa Burundi, jirani yetu. Mzee huyu, nasema mzee kwa heshima, alikuwa Yanga mpaka mkataba wake ulipokwisha mwaka 2022, na Yanga ikamwacha aende kwa kuwa alikuwa na miaka 35 na goti la mtu wa miaka 35 halidanganyi. Akapitia Geita Gold, na katika dirisha dogo la Desemba akaingia Simba. Mwisho wa msimu ule wa 2022/23, mabao aliyofunga akiwa Geita yakiunganishwa na aliyofunga akiwa Simba, alikuwa na 17, sawa kabisa na Fiston Mayele wa Yanga, Mkongomani wetu, aliyekuwa amekimbia peke yake mbele ya wote kwa muda mrefu. Na matano kati ya mabao hayo Ntibazonkiza aliyafunga katika mchezo mmoja, dhidi ya Polisi Tanzania. Yanga ikachukua ubingwa, Mayele akagawana kiatu na mtu ambaye Yanga yenyewe ilimfungulia mlango. Sijui kama kuna kejeli iliyo tamu kuliko hiyo kwa shabiki wa Msimbazi, na kwa haki kabisa walishangilia.

Ila tazameni tofauti. Ntibazonkiza alikuwa dawa ya msimu mmoja na nusu. Hakuna klabu ambayo ingekuja baadaye kumnunua. Aziz Ki alikuwa mali. Simba katika miaka ile ilipenda kujaza mapengo kwa watu waliokwisha kuiva kupita kiasi, wanaojua ligi na wasiohitaji kufundishwa, na jambo hilo hukupa mabao ya leo kwa kukopa ya kesho.

Sasa tufike mahali ambapo barazani ndipo sauti hupanda: Clatous Chama. Sisi Wakongomani tunamjua kwa uchungu. Tarehe 16 Machi 2019, baada ya AS Vita Club kuwa imeipiga Simba mabao 5 kwa bila mjini Kinshasa miezi miwili kabla yake, timu hizo zilirudiana Dar es Salaam zikiwa bao 1 kwa 1, na dakika za mwisho kabisa Mzambia huyu akaweka la pili, Simba ikaingia robo fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika na Vita ikarudi nyumbani. Kwa watu wa Simba alikuwa zaidi ya mchezaji. Mwaka 2021 alikwenda RS Berkane ya Moroko, akarudi Januari 2022, wakampokea kama kwamba hakuwahi kuondoka. Kisha mkataba wake ukaisha tarehe 30 Juni 2024, na kesho yake, tarehe 1 Julai, Yanga ikamtangaza.

Nakumbuka vilio vya siku ile, na nakumbuka vicheko pia. Katika historia ya watani hawa, tangu Yanga ilipoasisiwa mwaka 1935 na Simba mwaka uliofuata, wachezaji wamevuka mara nyingi kutoka upande huu hadi ule, lakini kuvuka kwa Chama, bila ya Simba kupata chochote, kulikuwa pigo la aina ya peke yake. Na hapa naomba ruhusa ya kusema jambo litakalowaudhi wenye fulana za kijani: nusu ya thamani ya usajili ule ilikwisha siku ile ile ya kutangazwa. Ilikuwa thamani ya kumnyima jirani. Uwanjani, Chama mwenye miaka 33 alikuta mahali pake pamekwisha kukaliwa na Aziz Ki, na Pacome Zouzoua, na huyu Maxi wetu, ambao wote watatu walikuwa wepesi kuliko yeye na walikuwa wakirudi kukaba pindi mpira unapopotea. Akacheza, akafunga, akatoa pasi zile zake ambazo hakuna mwingine anayeziona. Lakini hakuwa nguzo, na mwaka mmoja baadaye mkataba wake ukakwisha tena, akaenda Singida Black Stars. Pamoja naye kiangazi kile cha 2024 Yanga ilimleta Jean Baleke, mshambuliaji wetu wa zamani wa TP Mazembe, ambaye alikuwa amefunga sana akiwa na jezi nyekundu ya Simba. Kwa Yanga hakung'ara hata kidogo. Husuda ni mshauri mbaya wa usajili.

Na Simba je? Simba iliyomlilia Chama ilibaki na kiti kitupu nyuma ya mshambuliaji wa kati, na katika kiti hicho kocha wake mpya, Fadlu Davids wa Afrika Kusini, akamketisha Jean Charles Ahoua, kijana wa Ivory Coast aliyetoka Stella Club d'Adjamé akiwa mchezaji bora wa ligi ya kwao. Ahoua alimaliza msimu wa 2024/25 na mabao 16, akawa mfungaji bora wa Tanzania, na Simba ile ile ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, ambako RS Berkane iliishinda 2 kwa bila kule Moroko na kutoka nayo sare ya 1 kwa 1 Zanzibar. Lau Chama angebaki Msimbazi, je, kocha gani angethubutu kumweka benchi mbele ya umati ule ili kijana asiyejulikana ajifunze kazi? Mimi naamini hapana. Kwa hiyo rai yangu, na wenye kuikataa waikatae kwa adabu, ni kwamba faida kubwa ambayo Simba imewahi kuipata kutokana na mchezaji aliyemaliza mkataba haikutokana na yeyote iliyemchukua. Ilitokana na huyo iliyempoteza.

Hata hivyo sharti tuwe wakweli katika mizani. Msimu huo uliamuliwa tarehe 25 Juni 2025, Yanga ikiwa na alama 79 na Simba 78, na Yanga ikashinda 2 kwa bila kwa mabao ya Pacome na Clement Mzize. Na Mzize huyo, aliyemaliza ligi na mabao 14, hakusajiliwa kwa mkataba uliokwisha wala kwa kununuliwa, bali alilelewa katika timu ya vijana ya Yanga yenyewe. Ndiyo kusema, tukiwahesabu waliokuja bila ya klabu zao kulipwa, Yanga inashinda kwa sababu ya Aziz Ki, inapoteza kidogo kwa sababu ya Chama, na jumla yake bado iko juu. Simba ina Ntibazonkiza wa msimu mmoja na nusu. Sioni namna nyingine ya kuisoma hesabu hiyo.

Lakini wasikilizaji wangu, tumezungumza juu ya wapokeaji, na sisi wa Maniema si wapokeaji. Sisi ni watoaji. Kwa hiyo ruhusuni nigeuze mizani upande wetu kwa kitambo kidogo.

Kanuni za FIFA zinasema kwamba mchezaji akihama kutoka nchi moja hadi nyingine kwa fedha, asilimia 5 ya fedha hiyo hukatwa ikagawiwa klabu zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23. Kila mwaka wa malezi kati ya 12 na 15 una haki ya robo asilimia ya fedha yote, na kila mwaka kati ya 16 na 23 una nusu asilimia. Mathalani kijana wa Kailo auzwe kwa dola 400,000, na klabu ya hapa iwe ilimlea kwa miaka minne tangu alipofika 16: klabu hiyo inastahiki dola 8,000, fedha ya kutosha kununua mipira, viatu, na bati za kuezekea chumba cha kubadilishia nguo, na kubaki. Lakini kijana yule yule akiondoka mkataba wake ukiwa umekwisha, hapana bei. Na pasipo bei, asilimia 5 ya sifuri ni sifuri. Iko fidia nyingine ya mafunzo kwa vijana ambao hawajapita mwaka wanaotimiza umri wa miaka 23, ila washambuliaji wetu wengi huondoka wakiwa wameupita, na hiyo nayo wanaikosa walezi wao.

Mfikirieni Mayele. Alipotoka Yanga kwenda Pyramids ya Misri mwaka 2023 ulikuwa uhamisho wa fedha, na tarehe 1 Juni 2025 mjini Cairo akafunga katika fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika, Pyramids ikaishinda Sundowns 2 kwa 1 na kuchukua kombe. Kila klabu ya Kongo iliyokuwa na karatasi yake ya usajili akiwa kijana ilikuwa na haki ya kuuliza fungu lake. Tangu Novemba 2022 FIFA imeweka nyumba maalumu ya malipo hayo mjini Paris, ambayo hukusanya na kugawa. Lakini nyumba hiyo husoma majina yaliyoandikishwa katika mitambo ya mashirikisho ya nchi, haisomi kumbukumbu za kocha wala daftari la mraba lililoliwa na mchwa kabatini. Timu zetu ndogo, zile zinazocheza Jumapili kwenye kiwanja chenye mteremko, huwa na vijana ishirini na karatasi mbili. Kijana huchezea kwa neno la mdomo, msimu kwa msimu, kisha huja mtu wa Kindu, au wa Kinshasa, akamchukua, na wote hufurahi, hata kocha hufurahi, maana ni fahari. Siikatai fahari hiyo. Nasema tu kwamba gharama ya kumwandikisha kijana wa miaka 14 kwa jina lake la kweli na tarehe yake ya kweli ya kuzaliwa ni ndogo kuliko gharama ya sherehe ya kumuaga.

Wako watakaosema kwamba mikataba mirefu ingewafunga vijana, ikawarudisha katika hali aliyoikimbia Bosman. Hoja hiyo ina uzito, na mimi siungi mkono kumfunga mtu. Lakini mkataba wa miaka mitatu wenye mshahara unaolipwa kila mwezi si kifungo. Kinachowafunga vijana wetu ni mkataba wa mwaka mmoja ambao mshahara wake wa Machi hulipwa Septemba, na ambao kijana akiondoka pasipo kuaga hakuna mwenye uso wa kumlaumu. Klabu isiyolipa kwa wakati haina haki ya kushangaa mchezaji wake akihesabu siku za mkataba kama mfungwa.

Muda wetu umekwisha, na fundi mitambo ananionyesha saa, ambayo kwetu iko nyuma ya ile ya Dar es Salaam kwa saa moja. Kwa hiyo wenye kutaka kuusikiliza mchezo wa watani utakapokuja wajihadhari wasiuwashe umekwisha kuingia kipindi cha pili. Juma lijalo, Mungu akitujalia uhai na mafuta ya jenereta, tutawatazama mabeki: Henock Inonga, aliyetoka Daring Club Motema Pembe akaenda Simba na baadaye AS FAR, na Djuma Shabani wa Vita aliyekwenda Yanga. Bwana mmoja wa Kailo ameniletea barua ndefu kuthibitisha kwamba Inonga alikuwa bora kuliko wote waliowahi kuvaa nyekundu, na nimemwahidi kuisoma hewani yote, pamoja na matusi yake machache, ambayo nitayapunguza makali.